Lithiamu imegoma kwenye gari la kulala? Pima kwanza, usikimbilie kununua nyingine

Wakuu, hii ni kwa wenzangu mliotoa viti kwenye Hiace au Coaster mkaweka kitanda, kafriji na paneli juu ya keria, wiki hii mpo Kitulo kwenye maua, wiki ijayo mpo Matema mnakula samaki. Betri ya lithiamu tunaambiwa inadumu miaka kumi, halafu mtu anakaa nayo misimu miwili tu anaanza kusema imekufa. Mi mwenyewe nusura niitupe ya kwangu. Ila zile nilizowahi kuombwa kuziangalia, nyingi zilikuwa hazijafa, zilikuwa zimejizima zenyewe kwa sababu fulani, na ile sababu ndo ukiiacha iendelee itaiua kweli.

Naongelea LiFePO4 za volti 12, zile ambazo ndani zina seli nne za volti 3.2 pamoja na bodi ya ulinzi, BMS. Yangu ni ya 100Ah (ampea-saa, yaani ampea moja kwa masaa 100), paneli mbili za wati 100, kontrola ya MPPT, kile kifaa kinachosimamia chaji ya paneli, na inveta ya wati 1000 ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Kama yako ni ya volti 24 zidisha namba za volti za betri nzima mara mbili, sio za seli mojamoja.

Tuanze na mita maana hapo ndo wengi wanapotea. Fundi aliyezoea betri za maji akipima akaona 12.7 anakwambia hii imejaa kaka, nenda. Kwa lithiamu 12.7 ni betri inayoelekea kuisha! Ikiwa imejaa na imepumzika nusu saa hivi bila kuchajiwa wala kutumika inasoma kama 13.3 au 13.4, nusu ni 13.1 hivi, ikibaki asilimia 20 iko kwenye 12.9, na ikishuka chini ya 12.5 jua umebaki na mabaki. Umeona namba zilivyobanana, kati ya nusu na robo tofauti ni kama volti 0.1 tu, kwa hiyo mita ya bei rahisi ukiiamini kujua asilimia utajidanganya, itumie kujua kama iko hai na kama chaji inaingia, basi. Ukiweza tafuta mita ya kubana waya inayopima ampea za DC, hiyo ndo itakusaidia kwenye karibu kila kitu hapa chini.

Jua limewaka, paneli safi, betri haili chaji

Hii ndo iliyonipata mimi. Julai, tumelala juu Kitulo, kule ni kama mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, asubuhi nyasi nyeupe kama zimemwagiwa chumvi. Saa mbili jua kali kabisa, kontrola inaonyesha volti za paneli ziko juu lakini ampea sifuri. Nikazima nikawasha, nikakaza nyaya, nikalaumu kontrola, nikamlaumu na aliyeniuzia. Saa nne na kitu ikaanza yenyewe kuvuta ampea 9 kama vile hakuna kilichotokea, mi bado nimeshika spana.

Tulipofika Uyole nikamweleza fundi rewaya mmoja, akacheka, akasema shukuru Mungu hiyo BMS yako inajua baridi. Iko hivi, lithiamu hairuhusiwi kuchajiwa seli zikiwa chini ya nyuzi sifuri. Kutumia unaweza, nyingi zinakubali kutoa umeme mpaka nyuzi 20 chini ya sifuri, ila kuingiza hapana. Ukilazimisha chaji kwenye seli iliyoganda, lithiamu badala ya kuingia ndani ya grafiti ya upande hasi inabaki juu yake inajipaka kama utando wa chuma, na ikishajipaka sehemu kubwa hairudi tena, uwezo umepotea milele, na ukirudiarudia ule utando unaweza kuota ncha ukaunganisha pande mbili kwa ndani. Sasa BMS nzuri ina kihisi cha joto inakata chaji mpaka seli zipate moto. BMS ya bei chee haina, inapokea tu, wewe unafurahi asubuhi chaji inaingia kumbe kila asubuhi ya Makete inakula miezi ya betri. Kwa hiyo betri inayogoma asubuhi ni nzima, usiiombee mabaya. Ya kuogopa ni ile isiyogoma.

Utajuaje yako ipo kundi gani? Angalia karatasi yake au programu ya simu kama ina Bluetooth, tafuta ulinzi wa chaji kwenye baridi. Kama haujatajwa popote chukulia haupo.

Dawa yake: kinachohesabika ni joto la seli, sio la hewa. Betri iliyofungwa chini ya bodi nje au juu ya chuma kitupu cha sakafu inapoa kama jiwe, betri hiyohiyo ukiiweka ndani chini ya kitanda, ukatanguliza sponji au ubao chini yake, wewe na familia mkalala humo na blanketi zenu, asubuhi iko nyuzi 8 au 10 huku nje kumeganda. Mi niliihamisha tu na tatizo likaisha. Jioni zima swichi ya paneli ili jua la kwanza lisiikute bado ya baridi, asubuhi washa matumizi kwanza, taa, chaji za simu, feni hata kama huna haja nayo, ikitoa umeme inajipasha kidogo, ikifika saa tatu au nne ndo fungulia paneli. Wengine wana zile betri zenye kihita ndani, nzuri sana ila bei yake kaa chini kwanza.

Na tafadhali, msiingize jiko la mkaa kwenye gari lililofungwa eti kupasha betri au watu. Ile hewa ya mkaa haina harufu na huamki. Betri inanunuliwa nyingine.

Pembeni kidogo kwa hapohapo kwenye baridi: paneli zikipoa volti zake zinapanda. Umeunganisha tatu kwa mfululizo, kila moja 22 ikiwa haina mzigo, hiyo ni 66, asubuhi ya baridi inafika 70, na kontrola yako imeandikwa mwisho 75. Bado upo salama lakini ukiongeza ya nne umeiunguza. Soma kilichoandikwa mgongoni.

Inazima ghafla, mita inasoma sifuri

Ukipima kwenye vichwa vya betri ukapata sifuri au volti mbili tatu za ajabuajabu, karibu kila mara ni BMS imefunga mlango. Seli ziko ndani zina umeme wake. Swali ni ilifunga lini na ulikuwa unafanya nini.

Kama ilikata palepale ulipowasha birika la umeme au pasi, hapo umeivuta kuliko uwezo. Piga hesabu, birika la wati 900 kwenye volti 12.8 ni ampea 70, weka na hasara ya inveta unafika 80, na kama BMS ni ya ampea 50 itakata hata betri ikiwa imejaa. (Halafu juu kule maji yanachemka kwenye nyuzi 91 hivi, maharage hayaivi, birika ni la nini? Beba mtungi mdogo wa gesi.) Ila usimalize hapo, angalia na waya. Waya wa milimita 10 za mraba, mita mbili kwenda na mbili kurudi, ukipitisha ampea 80 unapoteza zaidi ya nusu volti njiani, inveta inaona volti ndogo inalia piiii inazima, wewe unasema betri mbovu. Utofauti ni huu: inveta ikizima lakini kichwa cha betri bado kinasoma 12.8 au 13, shida ni waya au inveta. Betri yenyewe ikisoma sifuri, BMS ndo imekata.

Kama ilikata usiku wa manane friji peke yake ndo inafanya kazi, basi imeisha kweli, seli mojawapo imefika kama volti 2.5 BMS ikafunga. Hii ikitokea mara moja sio msiba. Kinachoua ni kuiacha hivyo wiki tatu, maana BMS yenyewe inaendelea kunyonya kidogokidogo na seli zinashuka mpaka pasiporudika.

Kuiamsha: toa mizigo yote kwanza, inveta, friji, taa, vyote. Mara nyingine ukishatoa mizigo ukasubiri dakika chache inarudi yenyewe. Isiporudi tumia chaja ya lithiamu yenye uwezo wa kuamsha betri iliyolala, maana kontrola nyingi za sola na chaja za kawaida zikiona volti sifuri zinadhani hakuna betri, hazitoi kitu. Huna chaja hiyo porini? Unachukua betri nyingine ya volti 12 unaunganisha chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, ukiwa umeweka fyuzi katikati, kwa muda mfupi tu mpaka BMS ifunguke, halafu unatoa na kuanza kuchaji taratibu kwa ampea 5 au chini ya hapo. Usiache zimeungana ukaenda kula. Na kama ilikaa miezi imekufa na ukipima seli moja unakuta chini ya volti 2, usiilazimishe, hiyo ni ya fundi mwenye vifaa au ya kuagana nayo.

Inaisha haraka kuliko mwaka jana

Hapa ndo watu wananunua betri mpya bila sababu. Kabla ya yote bana waya mkuu na ile mita ya ampea, zima kila kitu unachodhani umekizima, uone kinachobaki. Inveta iliyowashwa bila kuchomekwa chochote inaweza kula ampea moja, masaa 24 ni 24Ah, robo ya betri yako imeliwa na taa ya kijani. Simu chaji kwa USB ya volti 12 moja kwa moja, inveta iwashe ukiwa na kazi nayo. Redio ya gari iliyoungwa kwenye betri ya nyumba, yaani hii lithiamu ya kambi, nayo ni mwizi, na friji ambayo mpira wa mlango umechoka haipumziki kabisa, hasa ukitoka baridi ya Njombe ukashuka Kyela, ziwa liko chini ya mita 500, joto lake unalijua, friji iliyokuwa inawaka robo saa kwa saa sasa inawaka nusu saa nzima na zaidi. Betri ni ileile, wewe ndo umebadilisha hali ya hewa.

Pili, je inajaa? Vumbi la barabara likikaa kwenye paneli wiki mbili linakula chaji, tawi moja la mti likitupa kivuli kwenye kona ya paneli linaangusha kuliko unavyofikiri, na sisi tupo kusini ya ikweta, Juni jua linapita upande wa kaskazini, paneli iliyolala bapa juu ya keria mchana ule inakosa kama asilimia 15. Egesha gari lielemee kaskazini kidogo, au inua paneli kwa kipande cha mbao. Ukiwa Tukuyu msimu wa mvua usitegemee maajabu, wati 200 zako zitakupa za kuchaji simu, panga kuendesha gari au punguza friji.

Tatu, mita ya asilimia inaweza kuwa imepotea. Hizi zinahesabu ampea zinazoingia na kutoka, kila siku zinakosea kidogo, baada ya mwezi inakwambia 60 wakati ukweli ni 25. Chaji mpaka ijae kabisa, iweke upya kwenye 100.

Ukishamaliza hayo yote na bado una wasiwasi, pima uwezo wenyewe, hauhitaji maabara. Chaji ijae, iache ipumzike, chukua balbu ya taa kubwa ya gari ya wati 55, unganisha moja kwa moja kwenye betri, pima ampea zake, huwa kama 4.5, andika saa uliyowasha. Ikae mbali na pazia na mbao maana inachemka vibaya. Betri ya 100Ah iliyo nzima inatakiwa iwashe kwa masaa 20 hadi 22 kabla haijashuka kwenye volti 12 hivi, hapo zima usiisubiri BMS ikate. Zidisha masaa kwa ampea umepata jibu. Ukipata 80 imeshachoka kiasi lakini kwa kambi bado ina miaka, mi nisingeibadilisha. Ukipata 45 na betri ni mpya, umeuziwa maandishi. Hizo zipo nyingi, stika imeandikwa 100Ah ndani kuna seli za mtumba, na njia ya haraka dukani ni kuinyanyua: LiFePO4 ya kweli ya 100Ah ina kilo 10 hadi 13, ukikuta ya kilo 5 cheka, rudisha, ondoka.

Inakata chaji kabla haijajaa, volti zinaruka

Unaangalia, 13.6, 13.7, puu, BMS imekata, volti kwenye kontrola zinaruka ghafla mpaka 14.8, baada ya dakika inarudi, inakata tena. Hapo seli hazilingani. Tatu ziko kwenye 3.4 na moja imeshagonga 3.65, BMS inamlinda yule mmoja wote wanakosa. Inakuja kwa wale wanaochaji nusunusu siku zote, wamesikia lithiamu isizidi asilimia 80 wakaishika kama amri, kumbe BMS nyingi zinasawazisha seli zikiwa zimekaribia kujaa tu. Kubaki kati ya 20 na 90 siku za kawaida ni sawa kabisa, ila mara moja kwa mwezi ijaze kabisa na uiache juu masaa mawili matatu. Ikishaharibika usawa, shusha setingi ya kontrola mpaka 13.8 au 14, iache siku mbili tatu za jua bila kutumia sana, halafu panda polepole mpaka 14.2. Ya kwangu ilichukua siku nne. Uvumilivu tu.

Na ingia kwenye setingi uone imewekwa aina gani. Kontrola nyingi zinatoka dukani zimewekwa betri ya maji au jeli, na hizo zinaweza kuwa na mambo mawili mabaya: ile chaji ya kusawazisha betri za maji (equalize) inayopandisha mpaka 14.8 au 15, na ile ya kuongeza volti hali ya hewa ikiwa baridi. Betri ya maji inaitaka hiyo, lithiamu haiitaki, na kwa sisi wa nyanda za juu ndo inaumiza zaidi maana asubuhi ya nyuzi 5 kontrola inaongeza nusu volti yenyewe bila kukuuliza. Zima zote mbili. Chaji kuu 14.2 mpaka 14.4, ya kushikilia 13.4 au 13.5.

Altaneta inanuka, mkanda unalia

Umeunga betri ya nyumba na ya gari kwa rilei tu kama zamani. Lithiamu haina upinzani mkubwa ndani, ikiwa tupu inavuta kila kitu altaneta inachoweza kutoa, bila kupunguza, nusu saa nzima, ukiwa unapanda Kitonga nyuma ya malori kwa gia ya pili, hewa haipiti, altaneta inajikaanga. Weka chaja ya DC kwa DC, ile inayowekea kikomo ampea zinazotoka kwa altaneta, ya ampea 20 au 30 katikati, kwa Hiace ya kawaida 20 inatosha. Mpaka uipate, usichaji gari likiwa limesimama linaunguruma, hiyo ndo mbaya kuliko zote.

Kichwa cha betri kina moto, plastiki imelainika

Boliti imelegea. Njia zetu zile, makorongo ya kwenda Matamba na kona zake hamsini na saba kutoka Chimala, zinafungua boliti zenyewe. Kagua kila ukimaliza safari ya vumbi, washa mzigo mkubwa dakika tano kisha gusa kila kiungo kwa mgongo wa kidole, kilicho cha moto ndo hicho. Zima kila kitu, safisha, kaza. Ile pete ya boliti (washa) ikae juu ya kile kichwa cha waya, isiwe kati yake na betri, kosa hili nimelikuta kwa mafundi wazuri tu.

Imevimba

Acha kuitumia. Usiitoboe, usiikandamize, itoe nje ya gari kwenye kivuli mbali na watoto. Kilichofikisha hapo mara nyingi ni joto: gari limefungwa vioo, limeegeshwa juani Kyela au upande wa Ruaha, betri imejaa mia kwa mia, na paneli bado zinasukuma. Nyingi mwisho wa kuchajiwa ni nyuzi 45 hadi 55, na ndani ya gari lililofungwa mchana wa Oktoba unafika huko bila shida. Baridi inaua ukichaji, joto linaua hata ikiwa imekaa tu, haraka zaidi ikiwa imejaa. Kwa hiyo mi nikimaliza safari siiachi fulu. Naishusha mpaka 13.1 hivi, nachomoa waya wa hasi, nazima paneli, naingiza ndani ya nyumba chini ya meza ambako hakuna jua, na kila miezi miwili naipima. Mama watoto anauliza hiyo kitu inakaa jikoni mpaka lini, namwambia mpaka Kitulo ichanue.